Gego limeuma baada ya kuzibwa: niandike nini juu ya daktari?

Swali:

Assalaamu alaykum, daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Chake Chake. Mwezi uliopita nilikwenda Unguja kwa shughuli za harusi, nikapita kwa daktari wa meno binafsi anizibe gego la chini upande wa kulia. Nikalipa Sh 60,000. Siku ya nne likaanza kuniuma, usiku silali. Nikampigia simu, akasema sasa linataka kusafishwa mizizi, na bei yake ni nyengine. Nimekasirika. Nimeshaandika maneno ya kuweka kwenye ramani ya Google na kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu: "Msiende kwa huyu, mwizi mkubwa, kaniharibia gego zima, hajui kazi, cheti chenyewe kanunua." Mume wangu kanambia nisitume, ni kusengenya watu, na Zanzibar yenyewe ndogo. Lakini wenzangu huniuliza wapi pa kwenda, na mimi mwenyewe nilimchagua kwa kusoma sifa alizoandikiwa. Nifanyeje?

Jibu:

Waalaykumu ssalaam, mwanangu, na pole na gego. Mumeo kafanya vyema kukuzuia, ingawa mimi nina sababu nyengine. Nimeyasoma maneno yako mara tatu. Yana madai manne: mwizi, kaharibu, hajui, kanunua cheti. Katika hayo manne hakuna hata moja uliloliona kwa macho yako. Na yale uliyoyaona kweli, yaani siku ya nne, maumivu ya usiku, ile simu na bei ya pili, hayamo kabisa. Mwalimu mwenzako wa Wete akisoma hapo atatoka na habari moja tu, kwamba umekasirika.

Basi kwanza tuliangalie gego lenyewe. Kama ulipewa karatasi, itazame. Huenda imeandikwa 46. Hilo ni jina la jino. Tarakimu ya mwanzo ni pembe ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni hesabu kutoka katikati kurudi nyuma, mpaka 8. Kwa hiyo 46 ni gego la kwanza la chini kulia, ambalo kwa watu wengi huota kwenye umri wa miaka sita, na ndiyo maana mara nyingi ndilo la mwanzo kutoboka. Hakikisha jino lililozibwa ndilo hilo lililoandikwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeshaona karatasi inasema jino moja na kinywa kinaonyesha jingine.

Ndani ya jino mna moyo wake, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukichimba mpaka karibu na moyo huo, daktari akausafisha na kuziba, jino hufuata njia moja katika mbili. Linaweza kushtuka ukinywa maji ya baridi, likatulia baada ya sekunde chache, na kila siku likapungua hadi wiki mbili tatu yamekwisha. Au moyo wa jino ulishaumia kwa vijidudu kabla hujakaa kwenye kiti. Jino kama hilo huanza kuuma lenyewe, huchagua usiku, chai ya moto hulitia moto likakaa nao muda mrefu. Likifika hapo hakuna dawa ila kusafishwa mizizi, yaani kutolewa moyo huo ulioumia na kuzibwa njia zake, au kung'olewa. Humtokea daktari hodari na huyo asiye hodari, kwa sababu hakuna chombo kinachomwonyesha mtu kwa hakika moyo wa jino umeumia kiasi gani.

Ipo sababu ya tatu, ndogo, ambayo watu hawaijui. Ukishazibwa, daktari hukutilia karatasi nyembamba ya rangi baina ya meno, kama ile karboni ya risiti za zamani, akakwambia: ng'ata, saga, ng'ata tena. Palipozidi kimo huacha doa, naye hupapunguza. Sasa wewe umepigwa ganzi, nusu ya mdomo si yako, unang'ata upande kama mtu anayetafuna usingizini. Doa halionekani. Ganzi ya taya la chini hukaa mdomoni saa mbili hadi nne hivi. Ikitoka, umeshafika nyumbani, na kila ukitafuna kipande cha mkate wa kumimina gego linapigwa peke yake kabla ya wenzake. Mtu atasema nimeharibiwa jino, na dawa yake ni kupunguzwa unene wa karatasi, dakika tano, na daktari muungwana hachukui hata senti. Wewe lakini umesema usiku, wala hukutaja kutafuna. Kwa hiyo nadhani aliyekwambia mizizi hakukosea.

Hapo sikumtetea. Huenda kakukosea pakubwa, ila mahali pengine, na huko shahidi ni wewe. Alikupiga picha ya eksirei kabla ya kuliziba tundu kubwa vile? Alikwambia, "Uozo umekwenda ndani, nitajaribu kuziba lakini likianza kuuma usiku itabidi tusafishe mizizi, na bei yake ni kadha"? Kama alikwambia, basi hasira yako ni ya jino. Kama hakukwambia, amekunyima haki ya kuchagua na fedha yako mwenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo mtu wa pili anayeingia pale anahitaji kulijua.

Nitakusimulia langu. Miaka yangu ya mwanzo ya kazi, Pemba, nilimng'oa gego bibi mmoja wa huko kusini. Ncha ya mzizi ikavunjika ikabaki, ndogo kama punje ya mchele. Ni jambo linalotokea. Wakati mwengine kuifukua kunaleta madhara zaidi kuliko kuiacha. Nikaamua kuiacha. Kosa langu ni kuwa nilinyamaza. Miezi ikapita, daktari mwengine akampiga picha akaiona. Bibi akarudi, foleni imejaa barazani, akasimama mlangoni na buibui lake akasema bila ya kupaza sauti: "Mkono wako mwepesi, sikuumia, Mungu akulipe. Lakini umeniachia kitu kinywani mwangu na hukunambia." Akaondoka. Ningetukanwa pale ningejitetea, ningesema huyu mzee hajui mambo ya meno. Lakini kwa lile sikuwa na jibu, na tangu siku ile sikumficha mgonjwa ncha ya mzizi. Watu waliokuwa kwenye foleni nao walipata habari kamili: kijana huyu anang'oa vizuri, muulize kama amemaliza.

Sasa hizo sifa ulizozisoma ukamchagua. Nina hakika zilisema mkono mwepesi, hakuumiza, dakika kumi nishatoka. Sifa hizo zinanisumbua kuliko matusi. Kwetu mtu huanza kulala na jino bovu. Hutia karafuu kwenye tundu wiki nzima, na karafuu kweli hutuliza, kwa sababu mafuta yake yana yujenoli, kitu kilekile tunachochanganya na unga wa zinki kufanyia dawa ya kuziba kwa muda. Ile harufu unayoipata ukifungua mlango wa daktari wa meno mahali pengi duniani ni harufu ya karafuu. Wewe wa Chake Chake, jirani wa kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, cha Wawi, unaijua kuliko mimi. Basi karafuu ikishindwa, mtu huja amevimba shavu na neno moja: ng'oa. Daktari anayeng'oa papo hapo hutoka na nyota tano. Yule anayesema, "Jino hili linaponyeka, lakini uje mara tatu," huandikiwa kuwa anazungusha watu apate pesa. Wakati jino lililong'olewa bila ya haja halioti tena, na la juu yake pole pole hushuka kutafuta mwenzake. Kwa hiyo ukiandika sifa, usiandike tu kuwa hukuumia. Andika alikupa chaguo gani na ulichagua lipi.

Na maumivu yenyewe ni mizani mibovu. Jino lenye usaha hukataa ganzi, kwa vile nyama iliyovimba ina tindikali na dawa haifanyi kazi sawasawa mle. Daktari anaweza kuchoma sindano tatu na mgonjwa bado anaruka. Ganzi nyingi zina adrenalini kidogo ndani yake, ya kubana mishipa ili dawa ikae na damu ipungue. Mtu moyo humwenda mbio dakika chache akadhani kapewa sumu. Wala sijasahau wapenzi wa tambuu. Ukikwanguliwa ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, wa miaka kumi unaona nafasi baina ya meno na ulimi unahangaika, unasema kanipanulia meno. Nafasi zilikuwepo, ugaga ndio uliozijaza.

Baada ya kung'oa, siku ya pili au ya tatu, wengine hupata maumivu makali kuliko ya jino lenyewe, na harufu mbaya. Ni kwamba lile bonge la damu lililofunika tundu limetoka na mfupa umebaki wazi. Huwapata zaidi wavutaji sigara, na magego ya chini. Kwetu kuna jambo jengine la kuangaliwa: mtu katoka kung'olewa asubuhi, adhuhuri anatia udhu na anasukutua kwa nguvu kama siku zote, alasiri tena, magharibi tena. Daktari aliyemkalisha mgonjwa akamwambia siku ya leo tia maji taratibu, yaache yatoke yenyewe, usiteme kwa nguvu, huyo kafanya kazi yake. Asiyesema lolote, akakupa pamba na risiti, andika kuwa hakusema lolote. Hilo lina faida kwa msomaji kuliko nyota zote tano.

Kwa sababu hizo mimi huwaambia watu wasiandike siku ileile. Mdomo una ganzi, moyo una hasira au furaha ya kunusurika, na kazi yenyewe bado haijajulikana. Subiri wiki mbili kwa kuziba au kung'oa. Lakini yale ya kuona kwa macho yatie kwenye simu yako siku hiyohiyo, kwani yanasahaulika: saa uliyofika na saa uliyoitwa, kama vyombo vilitolewa kwenye mfuko uliofungwa mbele yako au vilikuwa vimelala kwenye sinia, kama alibadilisha glavu, au alipokea simu nazo kisha akarudi kinywani mwako. (Hili la simu nimeliona kwa vijana wetu, na silisamehe.) Vyombo vinatakiwa vipikwe kwa mvuke wa mgandamizo, nyuzi 121 kwa robo saa au 134 kwa dakika chache, na mgonjwa ana haki ya kuuliza vimepikwa lini. Namna alivyolipokea swali lako nayo ni habari ya kuandikwa.

Uangalie pia alikuhudumia nani. Wapo madaktari wa meno wenye shahada, na wapo matabibu wa meno wenye stashahada. Wote ni watu wa kazi na wengine katika matabibu wana mikono ambayo mimi nilikuwa naihusudu. Ila usimwandike mmoja kwa jina la mwengine. Na kama ilikuwa hospitali ya serikali, tenga la daktari na la hospitali. Tangu Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa bure, na watu ni wengi kuliko viti. Foleni ya saa nne si kosa la aliyeshika koleo. Umeme nao: ule mwaka Unguja ilipokaa gizani, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulifanya kazi kwa jenereta ikizimika katikati ya jino, mgonjwa mdomo wazi anatutazama. Umeme ukikatika, andika kama alikuwa na la kufanya au alikutoa na tundu wazi bila hata kuliziba kwa muda.

Turudi kwa mumeo na neno lake la kusengenya. Mimi ni mtu wa meno, muulizeni sheikh wenu. Nijuavyo, masheikhe huwatenga mwenye kushtakia dhulma aliyofanyiwa na mwenye kuombwa ushauri, kwa sharti aseme la kweli na asizidishe. Kuzidisha ndiyo mtihani. "Cheti kanunua" umekitoa wapi? Hapo hata serikali inaingia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi huku kwetu kama inavyofanya bara, na kifungu chake cha 16 kinamgusa anayetangaza habari za uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha watu. Ulichokiona na kukilipia una ushahidi wake. Cha cheti huna.

Jambo jengine, daktari hawezi kukujibu hadharani kama unavyomsema wewe. Siri ya kinywa chako ameichukulia dhamana. Hawezi kuandika chini yako kuwa "huyu alikuja na tundu la miaka miwili na nilimshauri tangu mwanzo". Atanyamaza, na watu watasema kanyamaza kwa kuwa ana hatia. Ndiyo maana nasema mwendee kwanza, au mpigie tena, umuulize yale maswali mawili ya picha na ya kuambiwa. Pengine atakupunguzia gharama ya mizizi kwa kuwa kuziba kumekwisha bure. Akikupunguzia, liandike nalo. Akisema nitakupunguzia ukiniandikia nyota tano, usikubali, na hilo pia liandike.

Na kwa kuwa Zanzibar ni ndogo kweli, kama daktari ni mtoto wa ami yako, au umegombana naye kwa kiwanja, sema au nyamaza kabisa. Msomaji ana haki ya kujua maneno yanatoka wapi. Nimewahi kusoma sifa kumi za zahanati moja, sita zimeandikwa na ukoo mmoja, na ukoo wenyewe naujua.

Hebu nijaribu maneno yako upya. Nimejaza mengine kwa kukisia, wewe weka ya kweli:

"Nilizibwa gego la chini kulia mwezi uliopita, Sh 60,000. Niliitwa kwa wakati, vyombo vilifunguliwa mbele yangu, na sikuumia. Sikupigwa picha, wala sikuambiwa kuwa tundu lilikuwa karibu na moyo wa jino. Siku ya nne likaanza kuuma usiku. Nilipopiga simu alipokea mwenyewe, akasema linahitaji kusafishwa mizizi kwa malipo mengine. Mwenye tundu kubwa aulize kabla: uozo umefika wapi, na likianza kuuma nitalipa kiasi gani tena?"

Angalia, hakuna tusi hata moja, na bado ni kali kuliko ya mwanzo. Anayetafuta mtu wa kumsafisha meno tu atasema huyu ananifaa. Mwenye tundu kubwa ataingia na maswali mkononi. Na daktari mwenyewe, kama ana damu, atanunua mashine ya picha.

Weka hiyo kwenye ramani ya Google; kule huwa na tarehe na unaweza kuihariri. Kwenye kundi la WhatsApp usiitume. Kule neno hukatwa kichwa likasafiri mpaka Makunduchi bila ya tarehe wala mwenyewe, na mwakani litakuwa bado linazunguka ilhali daktari ameshabadilika au ameshahama. Mwalimu mwenzako akikuuliza, mjibu yeye. Picha yako ya eksirei usiibandike popote; ina jina lako. Na msichana wa mapokezi muache, hata kama alikuwa na uso wa kununa.

Kuna mambo ambayo si ya nyota. Daktari akikung'oa jino zima akaliacha bovu, akikuchoma sindano iliyokwishatumika, akimuumiza mtoto, hapo andika barua: kwa mkuu wa kituo kwanza, nakala Wizara ya Afya, na risiti yako, karatasi yenye nambari ya jino, na tarehe. Ukiyamaliza hayo kwa kuandika mtandaoni umemwachia aendelee na wengine wasiosoma mtandao. Lako halijafika huko.

Na gego lenyewe, mwanangu, usilisahau kwa kushughulika na kuandika. Usiku mmoja litaacha kuuma ghafla, utalala usingizi mzuri, asubuhi utasema alhamdulillahi limepona. Mara nyingi huo ni moyo wa jino umekufa, na vijidudu vimebaki mle ndani ya mizizi vikishuka taratibu kwenye mfupa. Likinyamaza hivyo, usingoje shavu livimbe. Nenda wiki hiyohiyo, kwake au kwa mwengine, na safari hii omba picha kabla hujafungua mdomo.